Ncha Mbili za Do Re Mi

Kila kwaya ya Afrika Mashariki, iwe ya Dodoma, Kisumu au Bukoba, ina mwalimu, na mwalimu huyo ana karatasi iliyoandikwa d r m f s l t. Wengi wetu katika chama hiki tulizisoma herufi hizo kabla ya kuona noti za mistari mitano, na wako wenzetu ambao hadi leo hawajaona haja ya hizo nyingine. Tulichukulia tu kwamba ndivyo muziki ulivyo. Do ni do, re ni re, na kati ya mi na fa kuna hatua fupi.

Herufi zenyewe zilitoka hapa Uingereza. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, ndiye aliyeanza kuutunga mtindo huo katika karne ya 19, na mchungaji John Curwen akaurekebisha na kuueneza ili watu wasio na fedha za kununua kinanda waweze kuimba tenzi kwa sauti zilizopangwa. Wamisheni wakaubeba kusini mwa Afrika na kwetu. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake leo ni wa wimbo wa taifa la Tanzania, aliuandika kwa herufi hizo hizo.

Jambo ambalo karatasi ya mwalimu haisemi ni umbali. Inatuambia re iko juu ya do, lakini haituambii iko juu kiasi gani. Curwen mwenyewe hakuwa na shida na hilo, kwa sababu aliwafundisha waimbaji, na koo la mtu halina vibao. Mwanasayansi wa Ujerumani Hermann von Helmholtz aliwasikiliza waimbaji wa mtindo huo London, akasifu jinsi walivyokuwa safi kuliko kinanda. Mtengeneza ala hana uhuru huo. Lazima aamue re ikae wapi, akate mbao au akaze uzi, na akishaamua imekaa.

Makala hii ni historia ya swali moja: hatua za do re mi zinaweza kuvutwa au kubanwa kiasi gani kabla hazijaacha kuwa do re mi? Waliolijibu kwa maandishi ni Wazungu na Wamarekani. Lakini walipofika kwenye mipaka ya jibu lao, upande mmoja na wa pili, walikuta watu wengine wakiishi hapo siku nyingi, na baadhi yao ni majirani zetu wa Uganda na Msumbiji.

Kwanza tukubaliane kipimo. Oktava, yaani kutoka do ya chini hadi do ya juu, hugawanywa katika senti 1200. Senti hizi hazinunui hata pipi, lakini zitatufaa. Kwenye kinanda cha kawaida, kutoka kibao kimoja hadi kinachofuata, tukihesabu vyeupe na vyeusi pamoja, ni senti 100. Hatua kubwa, kama do hadi re, ni senti 200. Hatua ndogo, mi hadi fa na ti hadi do, ni senti 100. Hatua kubwa ziko tano na ndogo mbili, na jumla yake ni oktava.

Skeli hii, hata hivyo, msingi wake si kupanda hatua kwa hatua bali kuruka. Ukiukandamiza uzi wa zeze ili zilie theluthi mbili tu za urefu wake, unapata so ya ule uzi mzima. Ruka tena vivyo hivyo kutoka so, utapata re. Kutoka re utapata la. Kisha mi, kisha ti. Ruka mara moja kurudi nyuma kutoka do, utapata fa. Fa, do, so, re, la, mi, ti ni mnyororo wa noti saba zilizoungwa kwa pingili sita zenye urefu mmoja. Zikusanye zote ndani ya oktava moja, zipange kutoka ya chini hadi ya juu, utapata do re mi unayoijua.

Kwa hiyo urefu wa pingili moja unaamua kila kitu. Kwenye kinanda cha kawaida pingili hiyo ni senti 700. Ukiirefusha kwa senti moja, kila hatua kubwa inakua kwa senti mbili na kila hatua ndogo inapungua kwa senti tano. Ukiifupisha, mambo yanageuka. Mwenye penseli ataona mara moja kwamba mchezo huu una kikomo pande zote mbili. Vuta pingili hadi senti 720 na hatua ndogo inakuwa sifuri: mi inaingia ndani ya fa, ti inaingia ndani ya do, na zinabaki noti tano zilizoachana kwa umbali sawa wa senti 240. Bana pingili hadi karibu senti 686 na hatua kubwa na ndogo zinalingana kabisa: noti saba, na kila hatua ni senti 171 na kitu. Do re mi inaishi katikati ya ncha hizo mbili, na nafasi yote hiyo ni senti 34 tu, chini ya nusu ya hatua ndogo ya kinanda.

Ulaya kwa karne nyingi ilizunguka katika sehemu ndogo ya nafasi hiyo. Wananadharia wa zama za kati walitumia pingili safi, ile ya theluthi mbili za uzi, ambayo ni senti 702 hivi. Shida yake ni mi. Ikipatikana kwa pingili nne safi inakuwa senti 408, ilhali mi inayotulia ikiimbwa pamoja na do, ile ambayo mitetemo yake ni 5 kwa 4 za do, ni senti 386. Katika wimbo wa sauti moja hakuna atakayelalamika. Sauti nyingi zikishikana, mi hiyo ya juu inakwaruza. Mwaka 1523 Pietro Aron alichapisha Venice kitabu kinachowaelekeza wapiga kinanda wabane kila pingili kidogo mpaka mi iwe safi. Maelekezo yake kwa kawaida husomwa kama pingili ya senti 696.6, hatua kubwa ya 193 na hatua ndogo ya 117. Mlingano wa namna hiyo na ndugu zake ndio uliotawala vinanda vya Ulaya kwa muda mrefu baadaye. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya muziki wa kale wa Ulaya ambao leo tunausikia kwenye piano ulitungwa kwa do re mi iliyobanwa, na sisi tunausikia ukiwa umevutwa.

Kubana kulikuwa na gharama. Mnyororo wa pingili za 696.6 ukifika noti ya 12 haurudi ulikoanzia, na pengo linalobaki linatoa sauti mbaya ambayo Wazungu waliiita mbwamwitu, kwa sababu inabweka. Baadhi walikwepa nyimbo zinazopita hapo. Nicola Vicentino alichagua njia ngumu zaidi: katika kitabu chake cha mwaka 1555 alieleza kinanda chenye vibao 36 kwa kila oktava. Mholanzi Christiaan Huygens, mtaalamu wa nyota na saa, alionyesha mwaka 1691 kwamba oktava ikigawanywa sehemu 31 sawasawa mnyororo unafunga na mi inabaki karibu safi kabisa. Mwanafizikia wa nchi yake, Adriaan Fokker, aliichukua hesabu hiyo na kuifanya ogani iliyowekwa Haarlem mwaka 1950, na mwaka 2009 ogani hiyo ikahamia Amsterdam. Kutoka London ni safari ya treni.

Hadi hapo ni hadithi ya Ulaya kuzungumza na nafsi yake. Aliyefungua mlango ni Alexander John Ellis.

Ellis alikuwa mtaalamu wa matamshi na hisabati, na ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha Helmholtz kuhusu sauti. Senti tunazotumia hapa ni uvumbuzi wake. Kichekesho ni kwamba sikio lake la muziki lilikuwa bovu. Kazi ya kusikiliza aliifanya rafiki yake Alfred Hipkins, fundi wa kampuni ya piano ya Broadwood, na Ellis akafanya hesabu. Pengine udhaifu huo ulimsaidia. Mtu mwenye sikio zuri lililofunzwa hapa angesikia noti ya kigeni na kusema imepotoka. Ellis aliona namba tu, akaziandika kama zilivyo.

Mwaka 1885 alisoma mbele ya Society of Arts, London, ripoti juu ya skeli za mataifa mbalimbali. Alikuwa amepima ala za Waarabu, Wahindi, Wachina, Wajapani na wengine. Wanamuziki wa Java walikuwa wamepita London miaka mitatu kabla. Noti tano za skeli yao ya slendro aliziona ziko karibu na kugawanya oktava sehemu tano sawa. Mwaka huo huo wa 1885 mfalme wa Siam, yaani Thailand ya leo, alileta wanamuziki wake kwenye maonyesho ya uvumbuzi, na Ellis akaona kwamba skeli yao ya noti saba inakaribia kugawanya oktava sehemu saba sawa. Kwa maneno ya makala hii, alizipima ncha zote mbili katika mji mmoja. Hitimisho lake lilikuwa la kushtua kwa wakati ule: hakuna skeli moja iliyotokana na maumbile ambayo zote nyingine ni makosa yake, skeli ni nyingi na zimeundwa na watu. Tukumbuke kwamba ni mwaka huo huo, mwezi Februari, mkutano wa Berlin ulipomalizika. Wakati serikali za Ulaya zikigawana Afrika kwa hoja kwamba ustaarabu ni mmoja na wenyewe ni wao, mzee mmoja asiyeweza kutofautisha noti alikuwa akiandika kwamba hata do re mi si ya ulimwengu wote.

Sasa Uganda. Klaus Wachsmann, aliyelazimika kuondoka Ujerumani ya Wanazi, alifika huko kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 akawa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda. Alirekodi na kupima ala za kila pembe ya nchi. Mwaka 1950 alichapisha katika jarida la kisayansi la Nature barua fupi kuhusu kinubi cha Baganda, ennanga, ambacho mpigaji alikuwa akikilinganisha mwenyewe. Hatua zake tano zilielekea kuwa sawa, yaani karibu na senti 240 kila moja. Ni ile ncha ya pingili zilizovutwa, mahali ambapo hatua ndogo zimekwisha.

Kwa nini mtu atake hatua zilizo sawa? Jibu bora tunaloweza kulitoa liko kwenye amadinda, marimba ya Baganda yenye vibao 12 vya mti wa lusambya vilivyolazwa juu ya vigogo vya mgomba. Wapigaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfululizo wake. Wa pili, omwawuzi, anaingiza wake katikati ya mapigo ya wa kwanza, zamu kwa zamu na kwa kasi inayokufanya usijue nani amepiga nini. Wa tatu, omukoonezi, ameketi kwenye vibao viwili vya juu na kuokota noti fulani tu kutoka kwenye mchanganyiko huo. Kisha kuna jambo linaloitwa miko. Wimbo wote unaweza kusogezwa kibao kimoja juu au chini, na ukabaki wimbo ule ule. Mikono inahama, umbo la wimbo halihami, kwa sababu hatua kati ya kibao na kibao zinakaribia kulingana.

Jaribu miko hiyo kwenye noti tano za kinanda cha kawaida, do re mi so la. Hatua zake ni 200, 200, 300, 200, 300. Sogeza wimbo kibao kimoja na pale palipokuwa na hatua fupi panakuwa na ndefu. Sura ya wimbo inabadilika kila mahali. Kwa hiyo amadinda iliyokatwa upya ili "ilingane" na kinanda cha shule au cha kanisa haijasahihishwa. Imenyang'anywa uwezo wake mmoja mkubwa, na mpigaji asiyejua atadhani miko ni ushirikina wa wazee.

Aliyeyaeleza mambo haya kwa subira kubwa alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka ambaye pia alifanya kazi kwenye makumbusho. Mwaustria Gerhard Kubik, ambaye maandishi yake juu ya amadinda ndiyo yanayosomwa zaidi vyuoni, alikuwa mwanafunzi wake. Tunaona ni vizuri kuliweka hivyo, mwanafunzi na mwalimu, kwa sababu kwenye orodha za maktaba jina la mwanafunzi ndilo linalotangulia.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka na kufia London miaka mitatu baadaye. Vikundi vya muziki vya ikulu vikavunjika, wanamuziki wakatawanyika, ala za kifalme zikaharibiwa au kupotea. Katika mjadala wa skeli, watu wa hisabati huandika kana kwamba sehemu tano sawa za oktava ni kitu kinachoelea hewani, na ukiifunga kompyuta leo utaikuta kesho palepale. Namba ndiyo, itakuwepo. Mtu anayejua kukata kibao cha lusambya mpaka sikio liseme basi, huyo anaweza kwisha kwa asubuhi moja.

Ncha ya pili iko kusini zaidi, katika wilaya ya Zavala, mkoa wa Inhambane, Msumbiji. Wachopi wana timbila, marimba zinazopigwa kwa makundi makubwa, vibao vya mti mgumu wa mwenje, na chini ya kila kibao kibuyu cha kukuza sauti chenye utando unaovuma. Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa Afrika, ukiwemo wa Tanganyika, Kenya na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha kitabu juu yao mwaka 1948. Alikuta wanalinganisha ala zao kuanzia noti kuu iitwayo hombe, na kwamba noti saba za oktava zinaelekea kuwa na hatua sawa. Karibu na senti 171. Hakuna hatua kubwa, hakuna hatua ndogo. UNESCO iliutambua muziki huo mwaka 2005.

Kinachofurahisha zaidi ni kilichotokea vipimo vya Wachopi vilipofika Marekani. Ala zilizotengenezwa kwa mikono hazikai kwenye namba kamili. Baadhi zinavuka mpaka. Pingili ikishuka chini ya 686, hatua iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa kuliko zile zilizokuwa kubwa, na do re mi inapinduka: penye furaha pana huzuni, mi ya juu inakuwa mi ya chini. Erv Wilson, mwananadharia aliyeishi Los Angeles, aliifanya hali hiyo mfumo kamili akaupa jina Mavila, ambalo ni jina la kijiji cha Wachopi. Leo kuna vijana katika Ulaya na Marekani wanaotunga muziki wa "mavila" kwenye kompyuta. Tungependa wote wajue kwamba ni mahali, na kwamba watu wanaishi huko.

Tracey naye ana kichekesho chake. Alihangaika sana kwamba skeli za Afrika zingezikwa na harmoniamu za misheni, na alizunguka bara zima akizipima kabla hazijapotea. Katika miaka ya 1950 alianza pia kutengeneza na kuuza kalimba. Ile maarufu zaidi, inayonunuliwa hadi leo duniani kote na watu wanaoamini wanashika sauti ya Afrika, ilifungwa kwa do re mi ya kawaida ya kinanda. Hatumlaumu sana; mteja wa mbali alitaka kupiga nyimbo anazozijua. Lakini ukitaka kuona jinsi soko linavyovuta sauti kuelekea katikati ya ule mstari wetu, huna haja ya mfano mwingine.

Mwaka 1985, miaka 100 baada ya Ellis, Easley Blackwood wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha kitabu kinachothibitisha kwa hesabu kali kwamba do re mi inatambulika pale tu pingili inapokuwa kati ya sehemu nne za saba na sehemu tatu za tano za oktava. Ni ncha zetu zile zile, 686 na 720. Miaka mitano kabla alikuwa amerekodi kwa sintesaiza vipande 12, kimoja kwa kila mgawanyo wa oktava kuanzia sehemu 13 hadi 24. Sikiliza kile cha 19, ambapo pingili imebanwa hadi 695 na kila kitu kinalainika, kisha kile cha 17, ambapo imevutwa hadi 706 na ti inaikaribia do kama mtu anayetaka kukunong'oneza. Mwaka 2007 William Sethares na wenzake walieleza kinanda cha kompyuta ambacho mpigaji anaweza kuubadilisha urefu wa pingili katikati ya wimbo, huku mpangilio wa vidole ukibaki ule ule. Vidole vinabaki, skeli inahama. Mpiga amadinda angecheka kidogo, maana kwake vidole huhama na skeli ikabaki.

Sethares alitoa pia maelezo tunayoona yana uzito kuliko ile mashine. Uzi unapolia hutoa juu ya sauti yake sauti nyingine hafifu za mara mbili, mara tatu, mara nne ya mitetemo yake, na ndiyo sababu theluthi mbili za uzi zinatulia nao. Kibao cha marimba hakifanyi hivyo. Kipande cha mbao cha unene mmoja hutoa sauti ya pili kwenye karibu mara 2.76, na ya tatu kwenye mara 5.4. Kwa hiyo pingili "safi" ya Wazungu ni safi kwa nyuzi, filimbi na koo. Watu waliojenga muziki wao juu ya mbao, utando na shaba hawakuwa na sababu ya kuitumikia.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya waandishi. Wako wanaosema kwamba timbila ni do re mi iliyobanwa hadi mwisho na amadinda ni do re mi iliyovutwa hadi mwisho. Kihesabu ni kweli, na tumeutumia mstari huo wenyewe hapa kwa sababu unaonyesha mambo vizuri. Kihistoria si kweli. Hakuna Mchopi aliyeanza na do re mi akaibana. Baganda hawakufuta mi na ti, hawakuwa nazo. Mstari ni njia waliyopita wageni kufika, na mtu anayefika kwako kwa barabara ya vumbi hapaswi kuandika kwamba nyumba yako imejengwa kwa vumbi. Isitoshe, wenyeji hawakufikia namba kamili wala hawakuitafuta. Vipimo vya Wachsmann, vya Tracey na vya Kubik vyote vina kupanda na kushuka kwa senti kadhaa kutoka ala hadi ala, na hata oktava zenyewe mara nyingi huachwa zikikwaruzana kidogo kwa makusudi. (Wenye piano wasicheke: mafundi wa piano huvuta oktava pia, kwa sababu nyuzi za chuma ni ngumu. O. L. Railsback aliupima uvutaji huo mwaka 1938.)

Na si kila kitu cha kwetu kinakaa kwenye mstari huo. Rasti ya taarabu, ambayo Nadi Ikhwan Safaa wa Zanzibar wanaipiga tangu 1905, ina mi iliyo kati ya mi ya juu na ya chini, lakini so yake imebaki pale pale safi. Huwezi kuipata kwa kuvuta wala kubana pingili moja. Wagogo wa Dodoma huimba na kulinganisha ilimba zao kwa kufuata mfululizo wa sauti za asili, ile ya nne hadi ya tisa, na mle ndani kuna noti ya saba ya senti 969 ambayo haina jina kwenye karatasi ya mwalimu wa kwaya. Hukwe Zawose alizunguka nayo dunia nzima kutoka Bagamoyo.

Rekodi za Wachsmann zimo British Library, hapa London, na nakala zake zimerudi Makerere, ambako kuna hifadhi yenye jina lake. Anayetaka kuzisikiliza ajipange na kinachomsubiri. Afungue kwenye simu programu ya kutyuni gitaa, azipe jina la do sauti za kibao kimoja cha amadinda yenye hatua sawa, kisha asikilize vinavyofuata. Kibao cha kwanza, taa ya kijani. Cha pili, taa nyekundu: senti 40 juu. Cha tatu, senti 20 chini. Cha nne, 20 juu. Cha tano, 40 chini. Halafu kile cha oktava, kijani tena.